Angalia kwanza mulango wa kutokea: maneno kwa dada anayetafuta kazi ya kwanza ku bar

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Baraka, teritware ya Fizi, Kivu ya Kusini



Leo tunaongea juu ya kazi ambayo kila mutu anaiona na karibu hakuna anayeitaja: kazi ya serveuse. Ni yule musichana anayeleta chupa ku meza yako kila Jumamosi. Unajua jina wanalomuita mu bar. Hujui kama mwezi uliopita alilipwa.

Kuna walioniuliza: kwa nini harakati ya raia iongee mambo ya bar, wakati barabara zimekufa na vita haijaisha? Jibu langu ni fupi. Wale wasichana ni raia, na kazi yao ni kazi. Tena siku hizi wanaoianza wanaongezeka. Tangu 2015 Warundi waliokimbia inchi yao wako Lusenda, kisha wengine wakawekwa Mulongwe, hapa karibu yetu. Kuna familia zilizoshuka toka milima ya Minembwe na Itombwe, mwaka nyuma ya mwaka. Na tangu vita ilipofika Bukavu mu Februari 2025, kuna wengine waliofuata ziwa kuja kusini na sanduku moja tu. Musichana aliyekuwa anasoma, ao aliyekuwa na meza yake ya ndagala ku soko, anajikuta mahali ambapo hana shangazi wala mutu wa kumuuliza kitu. Kazi inayomupokea haraka ni bar. Hawamuombi diplome. Wanamuuliza tu: unaweza kuanza leo usiku?

Haraka haraka haina baraka. Sisi tuko na hilo neno ndani ya jina la muji wetu, tusilisahau. Mutu anayekuambia uanze leo usiku ana sababu yake ya kuwa na haraka.

Miye nimefanya hii kazi miaka ine. Sikuja kuwaambia muende, wala sikuja kuwaambia musiende. Kuna wenye kulisha watoto na hii kazi, kuna waliolipa minerval ya wadogo zao, na kuna waliopotelea humo. Nimekuja kuongea na yule aliyekwisha kuamua kutafuta, anayeuliza: nianze wapi?

Kila mutu atakuambia uangalie mushahara. Miye ninakuambia uangalie kwanza kama utaweza kutoka. Mahali pa kwanza pa kazi pawe mahali ambapo siku ukisema "ninaacha", unaondoka na feza yako, nguo zako, kitambulisho chako, na hakuna mutu anakufuata. Kama hilo liko, mambo mengine mutaongea. Kama haliko, hata mushahara wa dola hautakusaidia.

Sasa tushuke ku mambo yenyewe.

1. Deni la kwanza

Kamba inayofunga serveuse ni deni. Linaanza kama wema. Patron analipa moto iliyokuleta, anakupa chumba nyuma ya bar, ananunua nguo mbili, anakulipia nywele. Ukimuuliza bei anasema: "Usijali, tutaongea." Mwisho wa mwezi njo anaongea.

Tuseme alikuahidi FC 80 000. Anatoa kaye yake: nguo FC 40 000, nywele 15 000, moto 10 000, chumba 20 000. Jumla ni 85 000. Umetumika mwezi muzima, kila siku mupaka usiku wa manane, na unadaiwa FC 5 000. Mwezi wa pili unauanza ukiwa nyuma. Ukitaka kuondoka, wanakuambia ulipe kwanza. Hapo sasa huwezi kukataa kitu, juu kila kitu unachokataa wanakukumbusha deni.

Kwa hiyo: usipokee kitu ambacho hujaambiwa bei yake. Anza na nguo zako mwenyewe, hata kama si za kuangaza. Kama unaweza, lala nje ya bar, hata kama mutakodi chumba kimoja watu watatu. Na carte d'électeur yako isikae kwa patron hata siku moja. Hiyo njo kitambulisho chako, bila hiyo hupiti kizuizi. Akisema anaiweka "kwa usalama," mupe fotokopi.

2. Hesabu ya chupa

Hii wageni hawaijui kabisa. Mu bar nyingi serveuse hapewi kazi tu, anapewa chupa. Gérant anakupa casier mbili, maana yake chupa 24. Bar ikifungwa unarudisha feza na chupa tupu. Kikikosekana kitu, kinaitwa manquant, na kinakatwa ku mushahara wako. Client amekunywa tatu akaenda kukojoa, hajarudi: manquant. Mutu amevunja chupa akicheza: manquant. Gérant mwenyewe amehesabu vibaya: manquant.

Uliza kabla ya kuanza: "Client akikimbia, nani analipa?" Sikiliza jibu vizuri. Patron mwenye akili atakuambia kwake watu wanalipa chupa ikifika ku meza, ao kuna mutu anasimama ku mulango. Patron anayecheka na kusema "utajua mwenyewe" amekwisha kukujibu.

Kisha, kila usiku muhesabu chupa pamoja na gérant mbele ya kuanza, uandike mu kaye yako mwenyewe na tarehe, yeye atie sinyatire. Akikataa kutia, andika tu, na umutumie mujumbe ku simu: "Leo nimepokea 24." Ule mujumbe unabaki na saa yake na siku yake.

3. Kazi ni gani hasa?

Uliza waziwazi, bila haya: "Kazi yangu ni kuhudumia meza, ao kuna kitu kingine?" "Client akitaka niketi naye, ninaweza kukataa?" "Akitaka niende naye chumba cha nyuma, wewe patron utasema nini?"

Mutu muzima anayeamua mambo ya mwili wake, miye simuhukumu hapa. Ninaongea juu ya yule aliyeambiwa atabeba chupa, kisha usiku wa tatu anaambiwa: "Yule mukubwa amekuomba, usituharibie biashara." Kama vyumba vya nyuma ni vya patron yuleyule, na wasichana wanalala mulemule, usijidanganye: jibu liko mbele ya macho yako.

Na pombe. Kuna bar zinazotaka serveuse anywe na client ili meza iuze zaidi. Uliza kama unaweza kunywa sucré. Ukipokea chupa, ifunguliwe mbele yako, na ukienda choo, ile iliyobaki ku meza usiirudilie tena.

4. Watu wa silaha

Hapa kwetu hatuwezi kuruka hili. Wanakuja wanajeshi, wanakuja polisi, wanakuja wengine ambao majina yao hatutaji usiku. Uliza: "Mutu wa silaha akiingia akilewa, munafanya nini?" Kuna bar ambamo patron anatoka mwenyewe, anasalimia, anaomba silaha ibaki nje, na anajua kumuita commandant wao. Kuna bar ambamo patron anajificha na kutuma serveuse. Ile ya pili, hapana.

5. Njia ya kurudi

Bar inafungwa saa ngapi? Groupe ikizimwa, muji ni giza. Nani anakupeleka? Uwe na motard mumoja anayejulikana ku kartie, mukubaliane bei ya mwezi, na uulize kama patron anaweza kulipa nusu yake. Mutoke wawili wawili. Kuwe mutu mumoja, dada ao mama, anayepokea mujumbe wako ukitoka na ukifika.

Namna ya kuchunguza

Usiamini bar uliyoiona usiku tu, musiki ikilia. Nenda saa tisa muchana. Angalia patron anaongea namna gani na yule anayefagia, juu hivyo njo ataongea na wewe wiki ijayo. Rudi saa ine usiku na kaka yako ao rafiki, mukae meza moja. Choo kina taa? Kinafungwa kwa ndani? Wasichana wamekula saa ngapi? Client akimushika mumoja kwa nguvu, kuna mutu anasimama?

Kisha tafuta musichana aliyetumika pale akaacha. Yeye njo mwalimu wako. Usimuulize kama pale ni pazuri. Muulize: "Siku uliondoka, walikulipa?" Kama kila aliyeondoka aliondoka usiku, bila feza, akificha mufuko wake, usiingie pale hata ukiahidiwa mara mbili.

Na kama umekubali, omba kwanza siku tatu za kujaribu, ulipwe kila usiku mukononi ao ku M-Pesa. Patron ambaye hawezi kulipa siku tatu hatalipa siku thelathini.

Juu ya Misisi

Wengi munapigiwa simu: "Kuna kazi Misisi, kuna dhahabu, wanalipa mu dola, transport iko juu yetu." Ni kweli huko feza inazunguka kuliko hapa. Ni kweli pia chakula na chumba ni bei kali, njia ni ya mashaka, na yule aliyekulipia transport amekwisha kukuandika mu kaye yake mbele hujapanda moto. Sisemi kila bar ya Misisi ni mbaya. Ninasema kazi ya kwanza isiwe kule. Kazi ya kwanza unajifunza kuhesabu chupa, kukataa, kusoma uso wa mulevi. Jifunzie mahali ambapo ukipiga kelele kuna mutu anakujua jina.

Kama unakwenda hata hivyo, uache kwa mama yako jina la bar, jina la patron, namba yake na jina la aliyekupeleka. Na ushone feza ya kurudi ndani ya nguo yako. Hiyo haiguswi kwa njaa, haiguswi kwa ugonjwa mudogo, haikopeshwi. Ni mulango wako.

Sheria inasema nini

Watu wanafikiri serveuse hana sheria juu hana karatasi. Hapana. Code du travail ya Kongo, Loi n° 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, iliyogeuzwa sehemu fulani mu Julai 2016, inasema kama mukataba haukuandikwa, unahesabiwa kuwa mukataba usiokuwa na mwisho, mupaka mutu aonyeshe kinyume. Maana yake: kukosa karatasi hakukuondolei haki ya kazi. Na kama patron anasema uko "ku essai," ile essai inapaswa kuandikwa. Saa za kazi hazipaswi kupita 45 kwa wiki.

Mushahara wa chini ulikuwa FC 7 075 kwa siku tangu 2018, na mu 2025 ukapandishwa hadi FC 14 500. Fanya hesabu na ile ya 2025: siku 26 mara 14 500 ni FC 377 000. Ninajua, munacheka. Hakuna anayewaambia kesho Baraka mutalipwa hivyo. Lakini uijue ile namba wakati patron anakuambia 80 000 ni wema wake.

Kisha kuna sheria ya 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na mateso ya kimwili. Ndani yake hata mutu anayetumia ukubwa wake kukusumbua ili ulale naye anaweza kufungwa mwaka 1 mupaka 12. Patron ni mukubwa wako ku kazi, kwa hiyo hiyo sheria inamugusa.

Ikitokea mabaya, nenda hospitali mbele ya masaa 72 kupita, na ukiwahi siku ileile ni bora zaidi. Kuna dawa za kuzuia VIH, na baada ya hayo masaa hazisaidii tena. Usingoje kwanza familia ikubaliane, usingoje polisi. Nguo ulizovaa usizifue.

Na musiseme "hapa kwetu sheria haifiki." Tarehe 1 Januari 2011 wanajeshi walibaka wanawake wengi Fizi. Mwezi uliofuata, mahakama ya kijeshi yenye kutembea ilikuja kukaa hapahapa Baraka. Wanawake 49 walitoa ushuhuda. Tarehe 21 Februari 2011, luteni-kanali Kibibi Mutware, aliyekuwa mukubwa wao, alihukumiwa miaka 20. Kovu la wale wamama halikufutika, na waliobaki bila kuhukumiwa ni wengi. Lakini mu muji huu tumekwisha kuona mukubwa wa jeshi akihukumiwa juu wanawake walisema siku, mahali na jina. Kwa hiyo kaye yako si ya chupa tu. Andika humo siku, saa na majina.

Juu ya watoto

Hapa sina maneno mengi. Mu Kongo, Loi n° 09/001 ya 10 Januari 2009 inasema mutoto ni kila mutu asiyefika miaka 18. Bar ya usiku si mahali pake pa kazi, hata kama mwili wake umekua, hata kama mama yake amekubali, hata kama njaa iko nyumbani. Ukiona patron anapenda kuchukua wa miaka 15 na 16, wewe wa miaka 22 usitumike pale pia. Anawachukua juu hawajui kukataa, na wewe hatapenda ukatae.

Tunachoomba kwa wengine

Kwa patrons: tunajua groupe inakula mafuta, tunajua bia inafika kwa shida na kodi ni nyingi. Hatuombi mufunge. Tunaomba vitu vitano: bei ya kila kitu isemwe siku ya kwanza, chupa zihesabiwe watu wawili, mushahara ulipwe siku iliyosemwa, choo kiwe na taa na kufuli, na serveuse akisema hapana ku meza, muwe nyuma yake.

Kwa wakaka, na wengi muko hapa: lipa chupa ikifika. Ile bia uliyokimbia, ameilipa musichana mwenye mutoto. Usimushike. Rafiki yako akimushika, muambie wewe, usingoje yeye ajitetee mbele ya meza ya wanaume sita. Na muchana ukikutana naye ku soko, musalimie kama unavyosalimia mwalimu ao muguzi. Wengi hawasemi mabaya yaliyowapata juu wanajua mutawajibu: "Si ulikuwa unatafuta nini kule?"

Kwa mairie ya Baraka, kwa wakubwa wa teritware na wa secteur: munajua kuhesabu bar zote siku ya kodi. Basi siku hiyohiyo muulize pia wasichana wangapi wanatumika pale, wana miaka mingapi, wamelipwa lini. Inspection du Travail isijue mashirika makubwa tu.

Na nyinyi maserveuse wenyewe: muongee. Patrons wanajuana na wanapashana habari, nyinyi mu bar hii hamujui yanayopita mu bar ya pili. Mufanye likelemba, hata watu watano, hata FC 1 000 kwa wiki. Zamu ya kwanza asipewe mwenye kutaka nguo mupya, apewe yule mwenye deni kwa patron, ili alipe na awe huru. Wa pili vilevile. Mukimaliza madeni, njo munaanza kugawa kawaida. Na mugeni akija kuuliza kazi, mumuambie ukweli wa pale mahali, hata kama patron atakasirika.

Kesho kuna musichana atashuka ku moto pale soko na mufuko mumoja, atauliza bar inayotafuta watu. Wa kwanza kumujibu asiwe yule mwenye haraka. Awe mumoja wenu.